Programu ni ya bure, sasa anayeandika mwongozo wake analipwa na nani?

Ukiwaambia watu huku Kisumu kwamba kuna mtu analipa nyumba na kusomesha watoto kwa kuandika maelezo ya programu huria, swali linalorudi ni moja tu: kama programu yenyewe inadaunlodiwa bure, na mwongozo wake pia uko bure kwenye intaneti, pesa inatoka wapi? Swali ni halali kabisa. Shida ni majibu, maana kuna wale watakwambia hiyo ni kazi ya kujitolea ya watu wa kompyuta wasiojua njaa, na kuna wale wa YouTube watakwambia dola zinamwagika wewe lipia tu kozi yangu, na wote wawili wanakupotosha. Pesa ipo, si nyingi vile wanavyosema, na inapita njia ambazo ukishaonyeshwa mara moja unaanza kuziona kila mahali.

Tuanze na hii ya bure. Programu huria ni ile ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia kwa kazi yoyote, kuufungua msimbo, yaani maagizo aliyoyaandika developa, uone inavyofanya kazi, kuibadilisha, na kumpa mwenzako nakala. Soma hizo ruhusa nne tena, hakuna mahali pameandikwa usiuze. Richard Stallman, yule aliyetangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo huria wa kompyuta, mwaka wa 1983, ilipofika 1985 alikuwa anauza tepu za Emacs, programu ya kuhariri maandishi, kwa dola 150 kila moja, na wakati huo huo aliyekuwa na mtandao angeichukua bila kumpa hata senti. Wasiokuwa na mtandao walilipa kwa sababu kuna mtu alitakiwa kukaa chini, anakili tepu, aipeleke posta. Tukija karibu, mwaka wa 2019 IBM ilinunua Red Hat kwa dola bilioni 34, na Red Hat ni kampuni iliyojengwa juu ya programu ambazo msimbo wake uko wazi. Kwa hivyo uwazi hauui biashara yote, unaua biashara ya aina moja tu, ile ya kulipwa kwa kila nakala.

Mwandishi wa mwongozo hiyo anafaa kuielewa mapema kabla hajaanza kulia. Miongozo nayo ina leseni zake, GNU walitoa ya kwao mwaka wa 2000, za shirika la Creative Commons zikafuata 2002, na leo utakuta mradi mwingi unatumia CC BY-SA, moja ya hizo za Creative Commons, ama unaiacha miongozo ifuate leseni ya programu yenyewe. Ukiandika chini ya CC BY-SA, mtu wa River Road, Nairobi, anaweza kuuprinti mwongozo wako, autie jalada, auze mia tano mia tano na asikuachie hata ya chai, bora tu ametaja jina lako na ameacha leseni ile ile, na hakuna korti utampeleka. (Watu wa leseni wanaweza kubishana hadi kuche, Debian, mradi wa mfumo huria wa kompyuta, ilibidi wapige kura mwaka wa 2006 kuamua kama leseni ya miongozo ya GNU ni huru kweli, wakasema ni sawa mradi hakuna sehemu ambazo umekatazwa kubadilisha. Soma ya mradi wako kabla ya kuandika sentensi ya kwanza.)

Sasa kama nakala haina bei, unauza nini? Unauza muda wako kabla mwongozo haujakuwepo, na muda wako wa kuutunza ukishakuwepo. Ni kama fundi wa kisima cha kijiji, maji kila mtu anachota bila kulipa lakini fundi alilipwa siku za kuchimba na ataitwa tena pampu ikikwama. Ukilielewa hilo, swali linabadilika. Acha kuuliza nani atanunua mwongozo, uliza nani anaumia mwongozo ukikosekana, na kati ya hao wanaoumia nani ana bajeti.

Kwa sababu wanaoumia ni wengi sana. GitHub, tovuti ambapo developa huweka msimbo wao, walifanya uchunguzi wao wa programu huria mwaka wa 2017, na asilimia 93 ya waliojibu walisema wanakutana na maelezo yasiyokamilika ama yaliyopitwa na wakati, halafu asilimia 60 ya wachangiaji wakakiri kwamba wao wenyewe ni nadra kuandika maelezo au hawaandiki kabisa. Yaani kila mtu analalamika na hakuna anayeshika kalamu. Lakini tusidanganyane, maumivu peke yake hayalipi. Mwanafunzi wa Maseno aliyekwama usiku wa manane akijaribu kuinstoli kitu anaumia kweli, na hana chochote cha kukupa zaidi ya ahsante.

Wanaoumia na wana pesa

Wa kwanza ni kampuni zinazouza huduma juu ya programu huria. Red Hat, Canonical wenye Ubuntu, SUSE, GitLab, hao wote wana waandishi walioajiriwa, mshahara wa mwezi, na wengi wao wanafanyia kazi nyumbani. Hesabu yao ni rahisi: mteja analipa ada ya mwaka ili akikwama asaidiwe, na kila mara anapokwama kwa kitu ambacho ukurasa mmoja ungemweleza, kuna injinia wa kulipwa anaacha kazi yake amjibu. Mwandishi mzuri anapunguza simu hizo. Hii ndiyo njia yenye pesa ya kutegemewa kuliko zote, na ndiyo ngumu kuingia, kwa sababu unashindana na dunia nzima na watataka kuona kazi yako ambayo tayari iko hadharani.

Wa pili ni mifuko ya ruzuku na programu za mafunzo kazini. Google Summer of Code, inayojulikana na kila mwanafunzi wa kompyuta, inataka msimbo, mradi wa maelezo matupu haiuchukui. Mwaka wa 2019 Google hao hao wakaanzisha Season of Docs kwa ajili ya waandishi, na kati ya 2021 na 2024 pesa ilikuwa inapewa mradi, dola 5,000 hadi 15,000, kisha mradi wenyewe ulikuwa unatafuta mwandishi na kupatana naye. Kuna Outreachy, ambayo ni ya watu wanaobaguliwa au wasioonekana sana kwenye teknolojia ya kwao, miezi 3, saa 30 kwa wiki, dola 7,000, na kazi za maelezo zimo pamoja na za msimbo. Dola ikiwa kwenye shilingi 129 hivi, hiyo ni kama laki tisa. Lakini kuna sharti ambalo watu hulikimbia: kabla ya kuchaguliwa lazima uwe umechangia kitu kwenye mradi, wiki kadhaa za kufanya kazi bila kujua kama utachukuliwa. Kule Uholanzi kuna NLnet, wao ruzuku zao za kwanza ni kati ya euro 5,000 na 50,000, na mtu mmoja anaweza kuomba bila kuwa na kampuni.

Ruzuku ni nzuri ila ina mwisho. Ukiishi kwa ruzuku pekee, nusu ya mwaka utakuwa unaandika maombi badala ya miongozo.

Wa tatu ni mashirika na ofisi za hapa nyumbani zinazotumia programu huria, na hao ndio nataka tukae nao, kwa sababu wako hapa hapa na vijana wengi huwaruka wakikimbilia dola.

Mradi wa OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika nchi nyingi leo, ulianza 2004, na mahali pa kwanza ulipowashwa na kutumika ni Eldoret, kwa AMPATH, mpango wa afya wa Chuo Kikuu cha Moi na washirika wake, Februari 2006. Si Boston wala Indiana walikotoka waliouanzisha, ni Eldoret. KenyaEMR, ambayo ukiingia kliniki ya ARV kwenye vituo vingi vya serikali huku Nyanza na Western ndiyo utaiona kwenye skrini ya karani, imejengwa juu ya OpenMRS. Takwimu za afya za kaunti zote zinapita kwenye DHIS2, kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, na Kenya iliitandaza nchi nzima mwaka wa 2011. Mashirika yanayokusanya data vijijini yanatumia KoboToolbox na ODK. Maktaba za vyuo kadhaa zinaendesha Koha, iliyotengenezwa New Zealand, na masomo ya mtandaoni mengi yako kwenye Moodle, iliyoanzia Australia. Zote hizo ni programu huria, na zote zina maelezo rasmi kwa Kiingereza kirefu kilichoandikiwa mtu wa IT.

Sasa chukua kituo cha afya kimoja, tuseme ndani ndani huko Vihiga. Karani wa rekodi aliyefunzwa amehamishwa, aliyekuja alipewa maelekezo ya mdomo kwa dakika chache, mwisho wa mwezi ripoti inatakiwa kaunti na namba hazilingani. Nani anaumia? Karani, ndio. Ila pia afisa wa takwimu wa kaunti, na shirika linalofadhili kituo, ambalo litaulizwa na mfadhili kwa nini data ni mbovu. Hao wawili wa mwisho wana bajeti. Hawataiita kuandika maelezo ya programu huria, kwenye hadidu za rejea wataiita mafunzo, au utaratibu wa kazi, au karatasi ya kubandika ukutani, lakini ni kazi ile ile: mtu akae na mfumo, aelewe karani anafanya nini hatua kwa hatua, aandike kwa lugha ambayo karani anaisoma mara moja akiwa na foleni ya wagonjwa mlangoni.

Na hapa mtu wa huku ana kitu ambacho mwandishi wa Berlin hana. Maelezo mengi ya programu yanadhani stima iko saa zote na intaneti ni kama hewa. Yanakwambia daunlodi faili la giga mbili, kana kwamba bando linaokotwa. Hayasemi ukikatika mtandao katikati ya kutuma fomu, je, data imeenda au imebaki kwenye simu, na hilo ndilo swali la kwanza la mtu anayezunguka Budalang'i na tableti. Ukiandika ukurasa mmoja unaojibu swali hilo vizuri na kuurudisha kwenye mradi wenyewe, unasaidia watu wa Malawi na Nepal pia, na jina lako linabaki pale. Mimi naona huu ndio utaalamu, ingawa hakuna cheti chake.

Tahadhari moja: pesa nyingi ya afya huku kwetu ilikuwa ya wafadhili, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, kandarasi za watu zilikatika kwa usiku mmoja, za wauguzi na makarani na za sisi waandishi vilevile. Usiweke mayai yote kwa mteja wa aina moja. Vyuo, saccos, wakili mwenye ofisi pale Oginga Odinga Street anayetaka kuhama kwenda LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, biashara ya Nakuru inayojaribu Odoo au ERPNext, zile za kusimamia mauzo na hesabu, hao ni wateja wadogo wadogo lakini hawategemei uchaguzi wa nchi nyingine.

Halafu kuna vitabu na michango, nitapita haraka. Kampuni ya O'Reilly, ambayo ilianza 1978 kama ofisi ya kuandikia watu miongozo, ilitajirika kwa kuuza vitabu kuhusu programu ambazo zenyewe ni za bure, kwa hivyo inawezekana, lakini ule ulikuwa wakati wa kununua kitabu kabla ya kugugo. Michango ya wasomaji, ile ya ninunulie kahawa, nimeona inalipa bando. Haijalipa nyumba ya mtu yeyote ninayemjua.

Kazi yenyewe ikoje

Watu wengi wa Nakuru, Eldoret na Kisumu wanajua kuandika kwa pesa kwa sababu ya insha za ng'ambo, ile biashara ya kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao za chuo. Sitaingia kwenye ubaya na uzuri wake leo, ila nikiangalia ujuzi peke yake, hao watu wanajua dedilaini, wanajua kutafuta habari, wanajua Kiingereza kilichonyooka, na bado wakimaliza miaka mitano hawana hata ukurasa mmoja wa kuonyesha mtu, kwa sababu kila kitu walichoandika kina jina la mtu mwingine. Kwenye programu huria ni kinyume. Kila sentensi uliyobadilisha inahifadhiwa kwenye Git, mfumo unaotunza historia ya mabadiliko, na jina lako na tarehe, na mwajiri yeyote anaweza kwenda kuangalia, aone hata vile ulijibu ulipokosolewa. Hiyo ndiyo sivii yako.

Vifaa si vingi. Markdown, njia ya kupanga maandishi kwa alama chache, utaijua kwa alasiri moja. Git itakusumbua kidogo zaidi, na lazima uijue, kwa sababu mabadiliko yako yanatumwa kama pendekezo, mtu wa mradi anayasoma, anakurudishia na maoni, unarekebisha, yanaingizwa. Miradi mingi ya Python inatumia Sphinx kugeuza maandishi kuwa tovuti. Laptopu ya kawaida inatosha, mradi iweze kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, na nitakwambia kwa nini.

Sehemu kubwa ya kazi hii si kuandika, ni kujaribu. Unafungua mashine pepe safi isiyo na chochote, unafuata maelezo yaliyopo neno kwa neno kama mtu asiyejua kitu, na kila unapokwama unaandika. Kwa kawaida utakwama kwenye hatua ya tatu, kwa sababu aliyeandika alikuwa na kitu tayari kwenye kompyuta yake ambacho alisahau kukitaja. Developa hawezi kuona hilo tena, ameizoea mno programu yake. Wewe mgeni unaliona, na ugeni huo una muda wake, ukishazoea nawe unakuwa kipofu vilevile, kwa hivyo andika yale yanayokukwaza siku za kwanza kabla hujazoea.

Kitu kingine kinachotenganisha mwandishi wa kulipwa na anayejaribu ni kujua msomaji amekuja kufanya nini. Kuna mpangilio unaitwa Diátaxis, wa Daniele Procida, unaogawa maelezo kwa aina nne: somo la kumshika mkono anayeanza, maelekezo ya kufanya kazi moja maalum, rejea ya kuangalia kitu haraka, na ufafanuzi wa kwa nini mambo yako vile yalivyo. Chukua KoboToolbox. Anayejenga fomu yake ya kwanza anataka somo. Anayejua tayari lakini anataka swali la saba lijifiche mtu akijibu hapana kwa la sita, anataka maelekezo mafupi, ukimpa somo atakutukana. Miongozo mingi mibovu inachanganya yote manne kwenye ukurasa mmoja, na ukienda kwa mradi ukawaambia nitatenganisha hizi kurasa kumi, hii iwe somo na hii iwe rejea, tayari una pendekezo la kazi linaloeleweka na linaloweza kupewa bei.

Na akili unde je? Ndio, sasa mtu anaweza kuiambia mashine iandike mwongozo na ikatoa kurasa ishirini zinazosomeka vizuri kabla chai haijapoa. Shida ni kwamba itakuandikia amri ambayo haipo kwa ujasiri ule ule inaoandikia ile iliyopo, na haijawahi kukaa na karani wa Vihiga. Kazi ya kujaza kurasa tupu naona inaisha, na aliyekuwa analipwa kwa idadi ya maneno ataumia. Ya kujaribu, kuuliza, na kusimama nyuma ya kilichoandikwa ukasema nimeifuata hii hatua kwa hatua na inafanya kazi, hiyo bado inatafutiwa watu.

Kulipwa, na kulipisha

Kabla hujaomba mradi pesa, angalia kama inayo. Miradi mingi huweka fedha zake kwenye Open Collective, ambapo hesabu ziko wazi kwa yeyote, unaona salio, unaona nani alilipwa kwa kazi gani na kiasi gani. Ukikuta kuna dola mia tatu, usiandike pendekezo la elfu tano. Ukikuta kuna elfu arobaini na hakuna hata senti imewahi kwenda kwa maelezo, hapo una la kuzungumza nao. Ukikubaliwa unatuma invoisi kupitia hapo hapo.

Pesa ya nje inafika kwa Payoneer, Wise, au PayPal, na PayPal unaweza kuitoa moja kwa moja hadi M-Pesa tangu 2018, ingawa ukiangalia kiwango cha kubadilisha utaumwa na moyo, linganisha kwanza. Mshahara wa nje hauna mtu wa kukukatia, kwa hivyo wewe ndiye mwajiri wako: kazi uliyoifanyia Kenya inatozwa kodi Kenya hata kama aliyelipa yuko Uholanzi, ritani ya mwaka uliopita inawekwa kabla ya Juni 30 kuisha, na SHA, bima ya afya ya serikali, kwa asiye na mwajiri ni asilimia 2.75 ya kipato chako wanavyokikadiria, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, na wanaitaka ya mwaka mzima kwa mkupuo. Weka kando theluthi ya kila malipo usiiguse, itakuokoa.

Kwa mteja wa hapa nyumbani, kosa kubwa ninaloona ni kutoza kwa ukurasa. Ukitoza kwa ukurasa unalipwa zaidi ukiandika vibaya, kwa sababu mwongozo mzuri ni mfupi, na zile siku ulizokaa na karani hakuna ukurasa unaozionyesha. Toza kwa kazi nzima: siku za kukaa na watumiaji, siku za kujaribu, kuandika, kupitia pamoja nao, na kufunza mtu mmoja wa ndani atakayeushika. Chukua malipo ya kwanza kabla ya kuanza, mkono mtupu haulambwi. Kisha mambo mawili yaandikwe kwenye mkataba kabla ya sahihi. La kwanza, leseni: mteja akubali sehemu zisizo na siri zake zirudi kwenye mradi kwa jina lako, wengi hukubali ukiwaeleza kwamba mradi utawasaidia kuzitunza. La pili, toleo jipya likitoka na vitufe vikahama mahali, nani anasasisha mwongozo na kwa shilingi ngapi kwa siku. Ukiliacha hilo la pili wazi, utapigiwa simu Jumapili ukiwa kwa mama mkwe na utafanya bure.